Kundi la Sita

Kabla ya kulivunja tofali, Mtaalamu alilipigapiga kwa kifundo cha kidole, akaliinamia na kulitegea sikio kama mtu aliyebisha hodi anayesubiri kuitikiwa. Kisha aliniambia litavunjika kwenye namba gani. Niliandika utabiri wake pembeni mwa daftari, tukaliweka tofali kwenye mashine ya kubana, mimi nikizungusha mkono wa chuma, yeye akiukodolea macho mshale wa saa ya kipimo. Mara nyingi alipatia. Akikosea alifurahi zaidi. Alizunguka stoo nzima akisugua kipara chake na kusema, "Dada, leo tumefundishwa," na hakukaa tena chini mpaka apate sababu.

Stoo yenyewe ilikuwa ya shamba la kahawa la zamani, nje kidogo ya Karatu, upande wa kupandia Ngorongoro. Chuo chake kilikuwa kimeikodi mwanzoni mwa miaka ya tisini ili atafute namna ya kutengeneza tofali lisilohitaji saruji wala kuni. Alitaka kutumia majivu ya volkano, yale ambayo sisi tulio kwenye vilima hivi tunayakanyaga kila siku. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya mwandiko. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeolewa, nalima mbaazi na maharage kijijini kwetu Qurus, na katekista alimwambia kwamba barua zote za parokia naziandika mimi. Aliniandikisha sentensi tatu, akazitazama, akasema nianze Jumatatu. Niliandika madaftari yake kwa miaka saba.

Watu wa Karatu walimwita Mtaalamu, na nadhani nusu yao hawakuwahi kulijua jina lake. Madereva wa kuleta watalii walimjua, wenye maduka kutoka Moshi walimjua, vibarua wa Singida waliokuwa wakilima kwenye mashamba makubwa walimjua pia, kwa sababu alisimamisha gari kumsalimia kila mtu na kumwuliza nyumba yake imejengwa kwa nini. Hakuuliza watoto wangapi wala mvua imefikaje. Aliuliza kuta. Aliwahi kusimama nje ya kanisa, ibada inaendelea, akikwangua ukuta kwa funguo za gari, mpaka mzee wa kanisa akatoka kumwuliza anatafuta nini.

Kuhusu namba alikuwa mkali kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Siku moja mshale uliishia kati ya mistari miwili nami nikaandika ule wa juu, kwa kuona kwamba tofauti ni ndogo. Alinitazama nikiandika. Akachukua kalamu, akafuta, akaandika kile alichokiona yeye.

"Namba haibembelezwi, dada," alisema. "Ukiibembeleza leo kidogo, kesho itakudai kubwa."

Kuna fundi wa kwanza aliyefukuzwa kwa kosa la namna hiyo. Aliandika vipimo vya matofali matatu ambayo hayakuvunjwa, kwa sababu alitaka kuwahi mnadani. Mtaalamu alipoyakuta yale matofali mazima nyuma ya stoo hakupiga kelele. Alimwambia tu arudishe funguo. Yule fundi aliomba, mkewe akaja kuomba, hata mimi nikaomba. Alisema mtu aliyeandika kitu ambacho hakukiona hawezi kurudi. Nilimheshimu sana kwa jambo lile. Nimelikumbuka mara nyingi tangu hapo, na kila nikilikumbuka nahisi uso ukiniwaka moto.

Lakini nisimfanye jiwe. Uchungu wa mwanangu wa tatu ulinishikia kazini, wakati wa masika, na barabara ilikuwa tope tupu. Alinipakia kwenye Land Rover yake, akaendesha akiwa ametoa kichwa dirishani kwa sababu vifuta mvua vilikuwa vimekufa, na tulipokwama alivua viatu, akaweka mawe chini ya magurudumu kwa mikono yake. Hospitalini alikaa kwenye benchi mpaka mume wangu alipofika kwa miguu, saa nane mchana. Mume wangu alimpelekea jogoo. Akamrudisha, akasema jogoo ni wa mama aliyejifungua. Mtu wa namna hiyo akikuahidi kitu, unaamini.

Alikuwa na ubao wa mbao laini juu ya meza yake, na pale ndipo alipobandika kadi. Miaka ile, msomi wa nje akisikia kwamba umeandika makala kwenye jarida, alikutumia kadi ya posta kuomba nakala. Mtaalamu alikuwa ametoa anwani ya sanduku la posta la Karatu, na mimi ndiye niliyekwenda kuzichukua. Kadi ikitoka nchi ambayo hajawahi kupata barua yake, alinipa stempu nimpelekee mwanangu mkubwa. Kila mwisho wa mwaka chuo kiliwataka wasomi wake waeleze wameandika makala ngapi na kazi zao zimenukuliwa na nani. Yeye alikuwa na makala chache. Wenzake walikaa mjini wakaandika nyingi, walipandishwa vyeo, na walipokuja kututembelea walimtania mbele yetu vibarua: "Bado unafinyanga?" Alicheka nao. Wakiondoka alikaa kimya siku nzima, na siku kama hiyo sikuthubutu kumwuliza hata chokaa iko wapi.

Aliniambia mara moja, "Dada, mtu wa kazi yangu akifa bila kunukuliwa, ni kama hakuwahi kuamka asubuhi."

Nilimwambia mbona wazee wetu wengi hawakunukuliwa na bado tunakula mashamba waliyofyeka. Akacheka, akasema nimemshinda. Sasa najua sikumshinda.

Alipenda kuongea na watu, ila kurudi kwao kulimshinda. Tulikwenda Endulen, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, kwa kibali, kuchukua mfuko mmoja wa sampuli, na wazee wa Kimasai wakatupokea vizuri na maziwa. Mtaalamu alieleza majivu, akaeleza nguvu ya tofali, akachora kwa kijiti chini. Mzee mmoja akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sisi humu ndani ya hifadhi haturuhusiwi kujenga nyumba ya tofali. Hayo unatuambia ya nini?"

Mtaalamu akasema ukweli, kwamba alikuwa hajui hilo. Akaahidi kulifuatilia na kurudi na majibu. Mwaka uliofuata mzee yule alinikuta kwenye mnada wa Karatu, akaniuliza kama yule mwenye kipara bado anakuja. Nilimwombea radhi. Nilikuwa nimezoea kumwombea radhi.

Sasa nieleze magadi.

Kwa miaka mitatu matofali yetu yalikuwa dhaifu. Majivu na chokaa vilishikana polepole mno, na ukilidondosha tofali kutoka begani lilipasuka. Siku moja nilinunua gunia dogo la magadi mnadani, yale yanayoletwa kutoka Engaresero, ya kupikia maharage. Nikaliacha kwenye kona ya stoo, juu ya mabaki ya mchanganyiko, nikalisahau. Paa lilikuwa linavuja pale. Baada ya majuma mawili nilipotaka kulinyanyua halikunyanyuka. Sakafu chini yake ilikuwa imekuwa jiwe. Nililigonga kwa jembe, jembe likaruka.

Nilimwita. Alipiga magoti, akapigapiga, akategea sikio, kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona msomi mwingine akifanya: akalamba sakafu.

"Umeweka nini hapa?"

"Sikuweka. Magadi yangu ya maharage yameloa. Nadhani ndiyo yameyashika majivu. Tujaribu kuyachanganya na maji kabla ya kufinyanga?"

Aliikwangua sakafu kwa ukucha, bado amepiga magoti. Kisha akanishika mikono yote miwili. Machozi yalimlengalenga. "Tutajaribu," alisema. "Na hii, dada, itatoka na jina lako. Langu na lako. Nakuahidi."

Tulijaribu, na tofali la kwanza lililopita wiki nne lilikwenda mbele ya utabiri wake kwa mbali. Tuliyaita makundi kwa namba, la kwanza mpaka la tisa, kila moja na kipimo chake cha magadi. Kundi la sita lilikuwa kubwa kuliko yote kwa sababu alitaka kujenga nyumba halisi, akae mtu, tuone. Akaniuliza nani Qurus angekubali.

Nilikwenda kwa jirani yangu, Mama Paskali. Alikuwa mjane, nyumba yake ya miti na udongo ilikuwa imeegemea upande mmoja. Aliogopa. Aliniuliza kwa Kiiraqw, lugha yetu, hapo mlangoni kwake, "Wewe ungelala ndani ya nyumba hiyo na watoto wako?" Nikasema ndiyo. Hakumkubalia Mtaalamu, ambaye alimwona mara mbili tu, siku ya kupima kiwanja na siku ya kumaliza. Alinikubalia mimi.

Nyumba ilipendeza. Watu walikuja kuigusa. Masika ya kwanza yalipopita, nilikwenda kuikagua nikaona unga mweupe umetoka kwenye kuta, sehemu za chini. Nikaukwangua, nikauonja, ni magadi. Nyuma ya ule unga tofali lilikuwa laini, kidole kiliingia. Niliandika yote, tarehe, urefu kutoka chini, ukuta gani. Nikampa Mtaalamu. Alisoma, akasema tutaangalia tena kiangazi. Kiangazi nilikwenda, hali ilikuwa imezidi. Nikaandika tena. Akasema tungoje.

Kisha zikaja zile mvua kubwa za El Nino, na ukuta wa mashariki ukaanguka alasiri, Mama Paskali akiwa shambani. Kitanda chake kilikuwa upande ule. Alihamia kwenye jiko lake la nje, chumba ambacho ukisimama katikati unagusa kuta zote mbili. Nilipokwenda alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Hakunikaribisha kukaa.

"Ulisema ungelala," aliniambia.

Hakuniongelesha tena kwa miaka mingi. Tulikutana kisimani, tulikutana kanisani, akanipita.

Nilimwomba Mtaalamu aje amwone. Alisema atakuja akimaliza kuandika. Muda si mrefu chuo kilimwita mjini, stoo ikafungwa, nami nikabaki kutunza funguo na kushughulikia posta. Makala ya magadi ilikuwa imetoka. Alinitumia boksi la nakala na orodha ya anwani, niziweke kwenye bahasha. Kadi zilikuja kuliko zamani, kutoka nchi ambazo nililazimika kuzitafuta kwenye atlasi ya shule ya mwanangu. Nilifunga bahasha zile kwa furaha miezi mingi. Nililamba stempu moja moja. Sikusoma kilichokuwa ndani kwa sababu niliamini nakijua.

Nilisoma kwa bahati tu, mchana mmoja niliposubiri mvua ikatike, nikiwa na kamusi ya Kiingereza ya mwanangu karibu. Jina lilikuwa moja. Kwenye ukurasa wa pili iliandikwa kwamba mwandishi aliona, alipokuwa akikagua sakafu, jinsi magadi yalivyoshikamana na majivu. Mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, aliwashukuru vibarua wa eneo hilo.

Nilikaa na hilo kwanza. Kisha nikageuza ukurasa wa majedwali, nikaziona namba zangu. Ungenipa namba zile leo ningekuambia ilikuwa siku gani na ni nani alikuwa akichanganya. Kundi la kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano, la saba. Nilirudi juu nikahesabu tena kwa kidole. Tano, saba.

Alipokuja Karatu miezi kadhaa baadaye kuchukua mashine, nilimsubiri mlangoni na ile makala mkononi.

"Mtaalamu, kundi la sita liko wapi?"

Hakujifanya haelewi. "Lilipigwa na mvua isiyo ya kawaida. Kipimo kilichoharibiwa na msiba si kipimo."

"Lilianza kumomonyoka kabla ya hizo mvua. Nimeandika mara mbili. Wewe mwenyewe ulisoma."

"Uliandika kwa macho. Hakuna mashine iliyopima."

"Kidole kiliingia ukutani, Mtaalamu."

"Kidole si ushahidi, dada." Alikuwa anaongea taratibu, kama anavyoongea na mtu wa kijijini. Kabla ya hapo hakuwahi kuongea nami hivyo. "Nyumba moja haiwezi kuangusha kazi ya miaka saba. Wakiona kundi lile, hawachapi. Wasipochapa, mradi unakufa, na watu wengi wanakosa nyumba. Kundi hilo tutaliandika peke yake baadaye."

"Na jina langu?"

Alitazama viatu vyake. "Jarida lina taratibu zake. Wanataka watu wenye shahada."

Mwaka uliofuata nilimwandikia kuuliza taratibu hizo zimeandikwa wapi. Hakujibu.

Aliendelea kupanda. Alipewa uprofesa kwa kazi ile. Mtu aliyemwona mjini aliniambia siku hizi anavaa tai, anasafiri, na kwenye mikutano anatambulishwa kwa idadi ya watu walionukuu makala yake. Sikumchukia kama nilivyotaka. Nikisikia gari la dizeli likipanda mlima bado nilichungulia. Hilo ndilo lilinikera kuliko mengine, kwamba nilikuwa nimenyang'anywa na bado namngoja aliyeninyang'anya.

Katikati ya miaka ya elfu mbili alikuja kwangu binti mmoja mtafiti, Neema, ameelekezwa na watu wa posta, ana kompyuta ya kubeba kwenye mkoba wa shule. Alikuwa amefuata makala ile hatua kwa hatua, akajengesha zahanati ndogo mkoa mwingine, na kuta zinatoa unga mweupe. Alidhani kosa ni lake. Alikuwa amekonda. Alinifungulia kwenye kompyuta orodha ya walioinukuu, akaishusha na kuishusha, majina ya Wahindi, Waturuki, Wabrazili, orodha haishi. "Wote hawa, mama, wameandika kwamba inafaa," alisema. "Mimi tu ndiye nimeshindwa."

Nikaingia chumbani, nikatoa daftari la kundi la sita, nililobaki nalo stoo ilipofungwa. Lilikuwa chini ya nguo za watoto zilizokwisha kuwa ndogo kwao.

Alilisoma akiwa amesimama. Alipomaliza aliketi sakafuni, akalia, kisha akaniuliza majina yangu yote matatu na jinsi yanavyoandikwa. Makala yake ilitoka baada ya mwaka mmoja na nusu, majina mawili juu, la pili langu. Nilimpelekea Mama Paskali nikamsomea kwa Kiiraqw palipoandikwa habari za nyumba yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akanipa kigoda.

Mtaalamu alikuja miezi michache baadaye, na gari la kukodi. Alikuwa amestaafu. Kipara kilikuwa na madoa, na mkono wa kushoto ulikuwa unatetemeka, akaushika kwa wa kulia. Nilimkaribisha, nikampa chai. Moyo ulikuwa unanidunda kama wa msichana, nikidhani amekuja kuniomba radhi.

Alitoa karatasi kwenye bahasha, akaiweka mezani, akaigeuza inielekee mimi.

"Ni barua kwa jarida," alisema. "Inasema rekodi zile ziliandikwa na mtu asiye na mafunzo, na hazikuthibitishwa. Weka sahihi hapo chini, yaishe."

"Nani alinifundisha kuandika?"

"Usifanye hivyo, dada." Aliisogeza karatasi karibu nami. "Kila anayenitaja sasa anaanza na kundi la sita. Nimefanya kazi maisha yangu yote. Umenisaliti."

Nilichukua kitenge changu, nikamwambia kama anataka sahihi, twende kwanza kwa Mama Paskali. Nilifikiri atakataa. Alisimama, akanifuata.

Mama Paskali alikuwa uani, anapepeta mbaazi. Wanawe walikuwa wamemjengea nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili. Hakumtambua. Alimletea kiti, akamwamkia kama mgeni yeyote, akamwuliza ametokea wapi.

Mtaalamu akanitazama, kisha akatazama shamba. "Mimi ni mgeni wa dada huyu tu," alisema. "Napita kuangalia mbaazi."

Kwa miaka yote ile nilikuwa nimeacha nafasi ndogo kwa ajili yake, mahali fulani ndani yangu. Nilisikia ikifungwa.

"Mama," nikasema, kwa Kiswahili ili wote wawili wasikie, "huyu ndiye Mtaalamu. Ile nyumba ilikuwa yake."

Mama Paskali aliuweka ungo chini. Alimwangalia usoni muda mrefu, bila hasira, kama anayetafuta kitu alichokiweka zamani.

"Ulikuwa wapi?" akamwuliza.

"Nilikuwa na kazi nyingi, mama."

"Kazi gani?"

Akasema kwa sauti ya chini, "Utafiti. Wa nyumba za wananchi."

Mama Paskali akatikisa kichwa polepole, akauokota ungo wake, akaendelea kupepeta. Makapi yaliruka yakamwangukia Mtaalamu kwenye suruali. Hakuyapangusa.

Alinishusha kwangu, hakutoka ndani ya gari, akaniaga kwa kuinua ule mkono unaotetemeka. Sijamwona tena.

Barua ilikuwa bado mezani, karibu na kikombe chake. Nikaisoma yote. Mahali pa sahihi alikuwa amepiga mstari, na chini ya mstari ameandika kwa mashine majina yangu matatu, kamili, bila kosa hata la herufi moja. Ilikuwa karatasi yake ya kwanza ambamo niliwahi kuliona jina langu.